Mwaka wa Tisa wa Kuondoka

Jumatatu, 4 Januari

Leo naanza daftari hili, na naapa kuandika kila kitu, hata yale yatakayoniaibisha. Mwalimu wetu wa hesabu anasema mtu asiyeandika hujidanganya. Mimi sitaki kujidanganya. Nina miaka kumi na mitatu. Sina muda wa kupoteza.

Habari ya kwanza. Tulipewa kazi ya asilimia: kila mmoja alete karatasi ya kweli kutoka nyumbani, yenye asilimia ndani yake. Nilimwomba Baba karatasi yake ya mshahara. Baba ni seremala katika kiwanda cha makabati. Akanipa, akanionya nisiikunje. Bingwa naye akaleta ya baba yake. (Bingwa si jina lake. Tunamwita hivyo kwa sababu huwa wa kwanza darasani na hachoki kutukumbusha. Anakaa ghorofa ya juu yetu, wageni kama sisi. Makabati anayoyaunda Baba yangu, baba yake ndiye anayeyapaka rangi.)

Mwalimu akaziweka karatasi mbili sambamba mezani. Mshahara sawasawa, mpaka senti. Lakini kodi ya mapato, ile inayokatwa kulekule kiwandani kabla mshahara haujafika nyumbani, mbingu na ardhi! Baba yangu amekatwa karibu mara mbili. Bingwa akasema, kwa huruma ambayo haikuwa huruma, kwamba labda kodi inampenda baba yangu. Akaongeza kuwa wao likizo kubwa wanakwenda kwao tena. Mara ya tatu hiyo.

Sisi hatujaenda hata mara moja. Tulikuja huku nikiwa na miaka minne.

Nimeweka nadhiri. Nitajua kwa nini, na nitairekebisha. Mimi mwenyewe.

Jumanne, 5 Januari

Nimejua! Ilikuwa rahisi hata naona haya.

Kila Januari kiwanda huwapa wafanyakazi wageni fomu moja, na kabla ya mwezi kwisha irudi kwa karani wa mishahara. Ya mwaka huu ilikuwa juu ya friji. Imeandikwa kwa lugha ya hapa, ambayo mimi naisoma kwa macho na Baba anaisoma kwa kidole. Swali la sita: Je, unakusudia kuondoka nchini ndani ya mwaka huu? Visanduku viwili. Ukitia alama kwenye Ndiyo, wewe ni mgeni wa kupita: unakatwa kodi ya mgeni wa kupita, bila nafuu ya kodi kwa ajili ya mke wala mtoto. Ukitia kwenye Hapana, wewe ni mgeni mkaazi: unakatwa kama wenyeji, na mke na mtoto wanahesabiwa.

Baba ametia Ndiyo. Kwa wino.

Nikafungua bahasha kubwa ya karatasi za zamani. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Miaka minane ya Ndiyo, na huu wa tisa!

Nilimwuliza Mama akiwa anapiga pasi. Hakushtuka hata kidogo. Akasema yeye, mwanangu, ameolewa na abiria.

Na kweli. Leo nimeitazama nyumba yetu kama mtu anayeingia mara ya kwanza. Nguo zetu zimo masandukuni, chini ya kitanda. Baba anaunda makabati ya watu kutwa nzima na sisi hatuna hata moja, kwa sababu, asema, kabati halipandi ndege. Boksi la televisheni limesimama nyuma ya mlango pamoja na plastiki zake zote, tayari kwa safari. Ukutani hakuna msumari hata mmoja. Saa yetu ya ukutani inakaa kwenye kiti. Nilidhani saa za watu wote hukaa kwenye viti.

Sikiliza, daftari. Tungekatwa kama kina Bingwa, nauli ya watu watatu ingepatikana kwa miaka miwili. Yaani kila mwaka Baba anasema anaondoka, na kwa kusema hivyo anakatwa nauli ya kuondokea! Nimeiandika sentensi hii mara tatu na kichwa bado kinaniuma.

Na Bibi, mama yake Baba, macho yake yanafifia. Juzi kwenye simu alisema twende angali anaona. Alisema hataki kunitambua kwa kunipapasa kama anayechagua nyanya gizani.

Ijumaa, 8 Januari

Mpango wa Kwanza: kusema ukweli. Mwalimu anasema ukweli uliopangwa vizuri haushindwi.

Nikachora jedwali. Rangi tatu. Mishale. Tulipomaliza kula nikasimama mbele ya meza na kueleza yote, nikitumia mwiko kuonyesha. Baba alisikiliza kwa makini sana. Mwisho akasema mistari yangu imenyooka, na kwamba kiwandani kuna watu wazima hawawezi kupiga mstari kama ule.

Nikamwuliza basi je, Hapana?

Akasema hapana. Yaani Hapana hataiandika. Kalamu yake haijawahi kuandika uongo, haitaanzia serikalini. Nikamwuliza, kwa adabu, uongo upi, maana mwaka wa tisa huu na bado tupo. Mama akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Baba akasema kutoondoka ni jambo moja, na kutokusudia kuondoka ni jambo jingine kabisa. Mtu akiandika kwamba hakusudii kurudi kwao, amebaki na nini?

Kisha akaanza kuhadithia, kama anavyofanya kila anapobanwa. Mlango wa nyumba ya Bibi, aliouunda yeye akiwa na miaka kumi na tisa, kwa mbao alizozibeba kichwani. Mlango unalia. Bibi hataki upakwe mafuta, kwa sababu anadai unalia tofauti kwa kila mkono: kwa marehemu Babu ulikuwa unakohoa, kwa shangazi unapiga kelele, kwa Baba ulikuwa unauliza swali. Hata akiwa amelala chumba cha nyuma alikuwa akijua nani ameingia. Nikamwuliza kwangu mimi ulilia vipi. Baba akafikiri. Akasema nilipoondoka nilikuwa bado sijalifikia komeo.

Nilisahau kabisa nilikuwa nabishana kuhusu nini. Hivyo ndivyo anavyoshinda kila mara!

Mimi nina kumbukumbu moja tu ya nyumbani. Nyayo zangu juu ya saruji baridi, na mkono wa Bibi unaonuka sabuni. Na wakati mwingine nahofia hata hiyo si yangu, ni ya Baba, nimeiazima.

Jumamosi, 9 Januari

Mpango wa Pili. Hapa naona haya kuandika, lakini niliapa.

Nilihitaji fomu safi. Nikapanda ghorofani kwa Bingwa, kwa kuwa baba yake huchukua mbili, asije akakosea. Bingwa akataka kujua ya nini. Nikasema ya kujifunzia. Akanitazama kama daktari. Akasema atanipa kwa sharti nimchoree ramani yake ya mito. Mito kumi na minne! Nikachora. Mdogo wake akamwagia chai mto wa tisa, nikarudia.

Nikaijaza fomu yote kwa herufi kubwa nadhifu. Swali la sita: Hapana. Ikabaki sahihi.

Baba hutia sahihi karatasi zangu zote za shule bila kusoma. Ananiamini. Nikaifunika fomu kwa tangazo la mkutano wa wazazi, nikaacha mstari wa chini tu ukichungulia. Akachukua kalamu. Akauliza inahusu nini. Nikajibu inahusu asilimia, jambo ambalo ni kweli. Akatia sahihi, akanipapasa kichwa, akasema soma mama, usome sana.

Sijisikii vizuri. Lakini Bibi anataka kuniona.

Jumanne, 12 Januari

Nilikwenda kiwandani baada ya shule. Karani wa mishahara ni mzee mwenye miwani miwili, mmoja puani, mwingine kwenye paji la uso. Naye ni mgeni wa zamani. Anaitamka lugha ya hapa kama mtu anayetafuna kitu cha moto. Akauliza kwa nini mwenye fomu hakuja. Nikasema yuko kwenye gundi, na gundi haiachwi. Akaridhika. Kumbe hata mimi najua mambo ya kazi!

Akageuza fomu. Akasema imejazwa vizuri, tena vizuri mno. Lakini mkaazi huambatanisha mkataba wa nyumba wa mwaka mzima. Uko wapi?

Haupo. Baba hulipa pango mwezi kwa mwezi. Kila tarehe mosi humwambia mwenye nyumba: mwezi huu, halafu tutaona. Miezi mia moja na kitu ya kuona!

Fomu nikamwachia. Nikakimbia kwa mwenye nyumba. Sisi watoto wa jengo tunamwita Mama Funguo, maana hutangulia kusikika kabla hajaonekana. Nikamweleza, kwa heshima, kwamba familia yetu ingependa mkataba wa mwaka mzima. Akanishika mashavu yote mawili. Machozi yakamlengalenga. Akasema miaka yote hii kila tarehe mosi moyo humdunda, maana sisi ndio wapangaji pekee wasiopigiana kelele, na nyumba ikipata watu wastaarabu ni kama jino zuri, huling'oi. Mkataba atauandika leo hii.

Nikamwomba iwe siri kwa sasa. Akasema niondoe shaka. Kutunza siri ni jadi ya ukoo wao.

Jumatano, 13 Januari

Si jadi ya ukoo wao.

Baba alipotoka kazini Mama Funguo alikuwa kwenye ngazi na majirani watano. Akapaza sauti tangu ghorofa ya pili: hongera baba, hongera sana, tumesikia mmeamua kubaki moja kwa moja! Majirani wakapiga makofi. Baba yake Bingwa akampa mkono na kumwambia karibu nchi kavu, ndugu yangu, ulikuwa unaogelea peke yako. Bingwa naye alikuwapo, akipiga makofi polepole na kunitazama mimi.

Baba alikuwa ameshika kopo lake la chakula. Akasema asante. Akasema asante kwa kila mmoja.

Akaingia ndani. Mkataba mkononi, umekwisha kupigwa muhuri. Nikasema yote. Nilianza na mito kumi na minne ili nichelewe kufika kwenye sahihi, lakini nikafika.

Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Alikaa kitandani, akalivuta sanduku lake kutoka uvunguni, akalifungua, akalifunga. Kisha akasema: "Umenifanya niage kwetu, mwanangu, bila mimi mwenyewe kujua."

Hakula. Mimi pia sikula. Mama akakusanya sahani. Akasema, si kwa yeyote, kwamba katika nyumba hii kila mtu anaondoka tangu mwaka tuliofika, na aliyeondoka kweli mpaka sasa ni ujana wake peke yake.

Naandika hapa na tarehe inaonekana: sitafanya mpango mwingine. Kamwe.

Ijumaa, 15 Januari

Baba ameomba ruhusa ya nusu saa kazini akaifute fomu yangu. Akataka niende naye nikatafsiri, kwa kuwa nilijua kuifikisha, nijue na kuirudisha. Nikavaa sare, ingawa shule ilikuwa imekwisha. Nilitaka kuonekana mtu wa kuaminika.

Baba akasimama mbele ya karani na aproni yake, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Akasema anaomba karatasi yake. Karani akauliza kuna kosa gani. Baba akasema kosa ni moja: yeye hawezi kuapa kwamba harudi kwao. Nikatafsiri hivyohivyo.

Karani akavua miwani yote miwili. Akacheka, kicheko kisichoumiza. Akaniambia binti, mtafsirie mzee wako neno kwa neno, usipunguze. Hiki si kiapo. Serikali inauliza mtu analala wapi. Haiulizi atazikwa wapi.

Nikatafsiri.

Karani akasema yeye alitia Ndiyo miaka kumi na mmoja. Kila Januari alikuwa akisema mwaka huu. Mama yake alikuwa akimngoja. Mwaka aliotia Hapana ndipo akaanza kubakiwa na kitu, na mwaka uliofuata akapata nauli, akaenda.

Hakusema kama alimkuta. Nilifungua mdomo niulize. Baba akanikanyaga, taratibu, kwa ubavu wa kiatu.

Nje mashine ya kupasua mbao ilipiga, ikanyamaza. Baba akaichana fomu yangu nzuri vipande vinne. Akaomba nyingine. Akachomoa penseli ya useremala nyuma ya sikio. Karani akasema penseli haikubaliki, akampa kalamu. Baba akajaza mwenyewe, kwa kidole, swali kwa swali. Mimi sikusaidia. Sikuombwa.

Kwenye swali la sita alisimama. Nimemwona akisimama hivyo mbele ya ubao wa bei kubwa, ule unaokatwa mara moja tu. Kisha akatia alama. Hapana. Na pembeni, mahali pasipotakiwa kuandikwa kitu, kwa lugha yetu, herufi ndogo: kwa sasa.

Karani akauliza ni nini hicho. Nikamtafsiria. Akasema yeye lugha yetu haisomi, kwa hiyo hapo hapajaandikwa kitu. Baba akautoa mkataba wa Mama Funguo mfukoni mwa aproni, karani akaubana na fomu, akagonga muhuri.

Jumapili, 17 Januari

Baba amepigilia msumari. Mmoja! Saa imepanda ukutani. Mama alikuja na vidole bado vina povu, akautazama ule msumari kama watu wanavyotazama bibi harusi. Akasema kumbe ukuta huu unashika. Kisha akaniuliza taratibu kama naweza kukalia kile kiti sasa. Nimekikalia. Ni kiti kizuri sana. Miaka yote hiyo tulikuwa watatu na viti viwili na saa.

Baba amehadithia tena habari za nyumbani. Lakini leo hadithi ilikuwa na kitu kipya: mwezi. Alisema likizo kubwa ya mwakani. Alitaja hata siku. Akasema ataubeba mkono wangu mpaka kwenye komeo la mlango wa Bibi na sote tutanyamaza tusikie. Kisha akajifanya ananoa penseli.

Tukampigia Bibi simu. Baba akamweleza kila kitu, mpaka miwani ya karani. Bibi akacheka. Akasema mwanawe tangu utotoni ukimwambia aingie ndani husimama kizingitini. Kisha akauliza mwakani mwezi gani. Akasema mwakani ni mbali kidogo, lakini atayashikilia macho, asiyaachie.

Mwakani. Nimehesabu. Miezi kumi na minane. Kwa Bibi sijui ni mingapi.

Jumatano, 20 Januari

Bingwa ananiambia sasa tuko sawa. Nikamwambia bado, ninyi mnakwenda mwaka huu na sisi mwakani. Akasema nikitaka atampelekea Bibi yangu kitu, kwani kwao na kwetu si mbali. Sikutegemea. Nilimwambia nitafikiri. Ni vigumu kushindana na mtu anayefanya hivyo.

Baba amenisamehe. Alinikalisha kwenye kiti cha saa, akasema mambo ya mtu na serikali yaandikwe na mtu mwenyewe. Hata yakiwa na makosa, yawe makosa yake. Nikasema nimeelewa. Akaniuliza nimeelewa nini, nikamrudishia yote kwa maneno yangu, kama tunavyofundishwa. Akasema vizuri.

Nimeyaandika maneno hayo kwa wino mwekundu, nikayapigia mstari wa rula. Mtu hujifunza.

Jumamosi, 23 Januari

Nilikuwa najifunza lugha tu! Naapa. Karani alinipa fomu moja tupu nijizoeze, na mimi nikaisoma mpaka upande wa nyuma, ambao nadhani hakuna mtu amewahi kuusoma. Maandishi madogo kama mchanga. Kifungu cha kumi na tisa: mgeni mkaazi ataongezewa nafuu kwa ajili ya mzazi mzee anayemtegemea, ikiwa mzazi huyo anaishi naye nyumba moja.

Nafuu ya mzazi ni kubwa kuliko ya mke na mtoto kwa pamoja! Nimepiga hesabu mara nne. Tungekwenda likizo hii hii. Mwaka huu!

Bibi anamtegemea Baba, hilo halina ubishi. Kilichobaki ni kile kipande kidogo cha kuishi nyumba moja. Nimekifikiria asubuhi nzima. Sahani zikivunjika, Baba husema Bibi angesema nini. Mama akivaa nguo fupi, huambiwa Bibi asije akaona. Mimi nikichelewa kuamka naambiwa Bibi ameshafagia. Katika nyumba hii yeye ndiye anayesemwa kuliko mtu yeyote aliyepo.

Basi nimemjaza. Jina, umri, anwani yetu. Kwa penseli, kwa hiyo bado haihesabiki. Baba sijamwambia, kwa kuwa nitamweleza mara tu mambo yatakapokuwa tayari. Lakini karani ana miwani miwili, na yawezekana akatuma mtu aulize. Kwa hiyo nimemwandikia Bibi barua. Nainakili hapa, maana niliapa kuandika kila kitu.

"Bibi yangu mpendwa, shikamoo. Sisi hatujambo. Barua hii asomewe Bibi na mtu asiye na maneno mengi, kwa sauti ya chini, na shangazi asiwe karibu. Nakuomba unijibu kwa posta inayofuata. Usipige simu, kwa sababu simu hupokelewa na Baba. Nina swali moja tu, nalo si gumu. Akija mtu wa serikali akakuuliza unaishi wapi, je, Bibi, unaweza kumjibu, bila kusema uongo hata kidogo, kwamba unaishi na sisi?"